Nyumba Ni

Bidiya, saa kumi na moja alfajiri.
Raya anafunga kabati kwa ukanda wa mpira,
la sivyo vikombe vitatutangulia njiani.
Pazia letu ni kanga. Jina limetazama nje:
USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO.
Anayelisoma ni ngamia.

Mwezi wa nne sasa tunaishi garini:
kitanda, jiko la matundu mawili, tangi la lita themanini,
na mlango unaolia kama mtoto asiyetaka shule.
Binti yetu hupiga simu kutoka Sohar, huuliza
"Mko wapi leo?" na siku hizi haulizi tena
"Mtarudi lini?"
Fleti ya Al Khuwair tumempangisha daktari wa meno.

Leo tumesema tutaingia mchangani, tutoke kabla ya magharibi.
Kituo cha mafuta, kijana akatushauri tupunguze upepo:
kumi na tano, isizidi.
Nikachuchumaa gurudumu baada ya gurudumu,
nikibonyeza vali kwa kijiti,
gari likashusha pumzi
kama mtu aliyevua viatu vya harusi.

Kisha mchanga.
Rangi yake sitaitaja. Raya alijaribu: mdalasini, akasema,
hapana, mgongo wa mkate wa ufuta, hapana,
akaacha, akapiga picha kidole changu cha mguu.
Tuliona nyayo za mende, mshono mwembamba
uliopanda tuta, ukafika kileleni, ukakoma.
Hakuna mende. Hakuna shimo.
Tulisimama pale muda mrefu
kuliko tulivyopata kusimama mbele ya chochote
chenye kiingilio.

Mchana, wali wa jana na papa mkavu, kivulini mwa mghafu.
Kila punje ilikuja na mwenziwe wa mchanga.
Tukatafuna wote wawili.

Saa tisa tukakwama.
Nilikanyaga mafuta, jambo ambalo kila mtu hukuambia usilifanye,
na nyumba yetu yote, vikombe, mito, dawa zangu za presha,
mswala, picha ya mama,
ikakaa kitako.
Nikachimba kwa sinia. Raya akachimba kwa kifuniko cha sufuria.
Hatukugombana. Tulinyamaza kwa namna
inayotaka ustadi wa miaka thelathini na mitatu.

Akatokea na pikapu nyeupe, mwanamke, barakoa usoni,
mbuzi wawili nyuma, wa tatu mbele, kwenye kiti cha abiria.
Salamu kwanza, ndefu,
na habari za watu ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewajua.
Kamba baadaye.
Hamama, ndilo jina lake. Alivuta mara moja
tukatoka kama jino.

"Nyumba yenu iko wapi?"
Nikamwonyesha: hii.
Akachungulia ndani, macho yakazunguka mara moja, yakamaliza.
"Sisi tumejengewa ya saruji," akasema, "vyumba vinne.
Nzuri sana. Mbuzi wanaipenda."
Hakucheka, basi nasi tukajizuia
hadi vumbi lake lilipotua.

Usiku, kando ya lami, nikirudisha upepo
kwa pampu inayokoroma,
nikamwambia Raya kilichonisumbua njia nzima:
kwamba katika lugha yetu ya jikoni,
ile mama zetu waliyoipakia Unguja pamoja na mbuzi ya nazi
(mbuzi asiyehitaji kiti cha mbele),
nyumbani ni sentensi iliyokatwa:
nyumba ni.
Ni nini, haisemi.

Raya alikuwa anakung'uta shuka mlangoni.
"Ni shuka hii," akasema, "na mchanga huu usioisha,
na wewe, ambaye hujafunga kabati."

Pampu ikakohoa. Gari likainuka kidogo, upande wa kushoto,
na ndani, gizani, kikombe kimoja
polepole
kikaanza safari.